Naomba ushauri: kaboni-14 ya matumbawe na mabadiliko ya mzunguko wa bahari

Habari zenu wakuu. Nina kipande cha tumbawe kutoka eneo la kitropiki ambako maji ya kina hupanda juu kwa msimu. Kwenye eksirei matabaka yake ya kila mwaka yanaonekana safi kabisa, kwa hiyo umri si tatizo.

Kinachoniumiza kichwa ni kutenganisha ishara mbili: ya mabomu na ya maji ya kina. Majaribio ya mabomu ya nyuklia yalikaribia kuongeza maradufu kaboni-14 (kaboni yenye mionzi) ya hewani kufikia miaka ya mwanzo ya 1960, nayo ikaingia baharini taratibu. Basi mstari wa grafu yangu ya kaboni-14 unapanda tu. Ila ndani ya mwaka kuna bonde, yaani mstari unashuka kidogo: maji ya kina, ambayo hayajakutana na hewa kwa muda mrefu, yakifika juu huwa na kaboni-14 kidogo, na tumbawe linaihifadhi kwenye mifupa yake. Hapo ndipo penye utamu wote! Matumbawe ya visiwa vya Galápagos, Pasifiki, yalionyesha mabonde hayo yakipungua kina ghafla mwaka 1976, dalili kwamba mpangilio wa maji ya chini ulibadilika.

Sasa, bajeti ya vipimo ni finyu. Je, nichukue sampuli za msimu wa maji baridi pekee (yale ya kina yanapopanda) kwa miaka mingi, au za kila mwezi kwa miaka michache? Mimi naegemea la kwanza, lakini nahofia kuukosa msimu wenyewe pale ukuaji ulipopungua. Kupima oksijeni-18 (aina nzito ya oksijeni ambayo kiasi chake hufuata joto la maji) kwanza ili kuutambua msimu kutatosha? Aliyewahi kufanya kazi hii anisaidie tafadhali.