Mita ikichakaa, gharama ya boksi, nyaya na meni swichi ni ya nani?

Mleta hoja, Mbagala

Wadau, naleta jambo linalogombanisha watu mtaani kwetu, na sidhani kama ni kwetu tu. Nyumba nyingi za Dar es Salaam zilizoingiziwa umeme miaka ya tisini na elfu mbili mwanzoni bado zina vifaa vilevile vya siku ile: ubao uliopigiliwa ukutani, mita ya LUKU (ya kulipia umeme kabla ya kuutumia) iliyofifia kioo, vitufe vya kubonyeza mpaka kidole kiume, na pembeni meni swichi inayonuka plastiki iliyoungua. Siku kimojawapo kikifa, watu wanaanza kutazamana. Nani atoe hela?

Wako wanaosema kila kilicho kwenye ule ubao ni cha TANESCO, shirika la umeme. Wengine wanasema kila kilicho ukutani kwako ni chako, maana ulilipia kuunganishiwa. Mimi nasema hivi: mwenye lakiri, ule muhuri wa kufungia kifaa kisifunguliwe, ndiye mwenye wajibu. Kifaa ambacho sheria inanikataza kukifungua hakiwezi kuwa juu yangu kukibadilisha. Mita imefungwa lakiri. Ukiikata, hata kama nia yako ilikuwa kukaza skrubu, unahesabiwa umechezea mita, na hapo utajieleza sambamba na walioruka mita ili wasilipe. Kwa hiyo mita ikifa kwa uzee, mwenye mita aje na mita yake.

Hoja ya "mita niliinunua" naisikia sana. Tangu Januari 2022 kuunganishiwa umeme wa njia moja (single phase), wa nyumba za kawaida, mjini, pasipohitajika nguzo, ni shilingi 320,960. Vijijini ni 27,000. Kama hiyo ndiyo bei ya mita, basi mita ileile ina bei mbili zinazopishana karibu mara kumi na mbili. Hapana, kile ni kiingilio. Mita haikuuzwa, ndiyo maana huwezi kuing'oa ukahama nayo. Ila upande wa pili wa hilo nao tuushike: mali za shirika na uchakavu wake vimo kwenye hesabu ya bei ya uniti ambayo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inaipitisha. Hadi 2016 mteja wa nyumbani asiye kwenye kundi la matumizi madogo alikuwa analipa pia tozo ya huduma, 5,520 kila mwezi, atumie umeme asitumie. Tozo ikaondolewa, mita ikabaki kuwa ya shirika. Mtu akiambiwa leo achangie mita mpya badala ya iliyochakaa, anatozwa mara ya pili kwa kitu anachokilipia kila anaponunua umeme.

Tena mfano tunao wa juzi tu. Mita za malipo ya kabla zilipangiwa kuhesabu dakika kuanzia mwaka 1993, na nafasi ya hesabu hiyo ikajaa tarehe 24 Novemba 2024, si hapa tu bali kote duniani zinakotumika mita za aina hiyo. Mita ambayo haikuboreshwa kabla ya hapo isingepokea tena namba za umeme mpya. Ndiyo sababu tuliponunua umeme mwaka ule tukapewa makundi matatu ya namba ishirini ishirini, mawili ya kubadili ufunguo wa mita na la tatu la uniti zenyewe. Zoezi lilikuwa bure. Hakuna aliyesema mteja alipie ukomo wa mita, na ni sawa kabisa.

Ugumu unaanzia kwenye zile nyaya fupi zinazotoka kwenye mita kwenda meni swichi. Zinaitwa zangu. Lakini ncha zake za juu zimo ndani ya kifuniko chenye lakiri. Zikiungulia pale juu, fundi wangu haruhusiwi kugusa. Zikiungulia chini, naambiwa nitafute mkandarasi. Na boksi je? Na waya wa ethi, ule wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini, ukiwa umeoza? Naomba tujadili hapo.

Fundi, Temeke

Nakubaliana na wewe juu ya mita, ila hizo nyaya fupi usizikimbie. Nimezunguka majumbani miaka mingi, na kinachounguza ule ubao mara nyingi si uzee peke yake. Nyumba ilifungwa kwa ajili ya taa sita, redio na pasi. Leo ina vyumba vya wapangaji vinane, friji kila chumba, na sasa majiko ya umeme. Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia Mei 2024, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania waitumie kufikia 2034. Jambo jema, wanawake wetu wameumia vya kutosha na moshi. Lakini jiko la wati 2,000 linavuta karibu ampea 9, na wapangaji watatu wakipika jioni kwa pamoja hizo ni 27 kabla hujahesabu friji hata moja. Na joto kwenye kiungo haliongezeki sawasawa na umeme unaopita: umeme ukiwa mara mbili, joto ni mara nne. Skrubu iliyolegea kidogo ilivumilia miaka ishirini ya taa na redio, haivumilii mwezi mmoja wa majiko.

Jingine ambalo wateja hawalijui: nyaya nyingi za kutoka nguzoni ni za alumini, za nyumbani ni za shaba. Alumini inalegea kwenye skrubu kadiri inavyopata moto na kupoa, tena inajenga utando unaozuia umeme. Kiungo cha namna hiyo kinataka kukaguliwa. Nani anakikagua? Sijamwona. Mita ikishafungwa, inarudiwa siku imekufa.

Kwa hiyo mimi natenga hivi: toka nguzoni hadi tundu la kutokea kwenye mita, skrubu zake zikiwemo, ni la shirika. Waya uliochomekwa pale, meni swichi, sakiti breka na ethi ni vya mwenye nyumba, na atumie fundi mwenye leseni ya EWURA. Boksi ni kinga ya mita. Kama shirika ndilo linalotaka mita ikae nje, boksi liwe lake.

Na tafadhali, vishoka, hao mafundi wa bandia, tuwaseme wazi. Wanaishi humohumo kwenye sintofahamu. Mteja asiyejua kipi ni chake ndiye anayeuziwa mita gizani na mtu mwenye kofia ngumu na mkasi.

Mwenye nyumba, Tanga

Wanangu, mnasema mwenye nyumba kama vile mwenye nyumba ni tajiri. Mimi ni mjane, nyumba aliiacha marehemu, kodi ya vyumba vinne ndiyo inayonilisha. Meni swichi ilipoungua nilinunua mimi, waya mimi, fundi mimi, na wapangaji wangu walilala gizani siku tatu wakininunia kana kwamba nimezima mimi. Wao ndio walioleta hayo majiko. Mbona hawachangii?

Halafu mita moja watu wanne. Ikisumbua, mmoja anaibonyeza, mwingine anaipiga na kiganja. Mita ikifa nitasema imekufa kwa uzee, nitaaminiwa? Hilo la kuchunguza nani kaiua, uzee au mikono, hamjaligusa.

Mpangaji, Sinza

Mama, shikamoo. Nakuelewa, ila kuchangia tunachangia, tena bila kuulizwa. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Ilianza kwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, sasa ni 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mimi. Tuliambiwa tumalizane na wenye nyumba wetu. Wangapi wamemalizana? Ninachoogopa ni kwamba gharama ya vifaa nayo itapita njia hiyohiyo: itaandikwa ni ya mwenye nyumba, italipwa na aliyeshika simu ya kununulia umeme. Ndiyo maana nasema ikiwa ni ya mwenye nyumba, iandikwe kwenye mkataba wa pango, sio kuachiwa mazungumzo ya koridoni.

Mdau, Reading, Uingereza

Huku mgawanyo umeandikwa na bado watu wanabishana. Waya wa mtaani na fyuzi kuu ni vya kampuni ya mtandao, mita ni ya kampuni inayokuuzia umeme, kuanzia nyaya za kutokea kwenye mita ni vya mwenye nyumba. Tatizo ni lilelile la mleta hoja: fundi wako hawezi kuzima umeme abadilishe nyaya zako bila kung'oa fyuzi yenye lakiri isiyo yake. Wengi wanaomba iwekwe swichi ndogo ya kutenga, kati ya mita na ubao wa breka. Ikishawekwa, fundi anazima pale na kufanya kazi yote ya chini bila kugusa lakiri ya mtu.

Mleta hoja

Nashukuru kwa michango, nijibu yaliyonigusa.

Fundi, mstari wako wa tundu la kutokea naupokea, kwa sharti la skrubu ulilolitaja mwenyewe. Skrubu iliyo chini ya lakiri ikilegea na kuunguza waya wangu, waya huo usinigharimu mimi. Chanzo cha moto kiangaliwe, sio mahali moshi ulipotokea.

Mama, shikamoo. Swali lako la uzee au mikono ni zito kuliko yote humu. Nionavyo, mita iliyokaa ukutani miaka kumi na tano au ishirini, lakiri nzima, ihesabiwe imekufa kwa uzee mpaka anayesema vinginevyo alete ushahidi. Mjane asibebeshwe kazi ya kuthibitisha kilichotokea ndani ya kifaa asichoruhusiwa kukifungua. Kuhusu majiko, mpangaji yuko sahihi kwamba liingie kwenye mkataba, lakini meni swichi ni sehemu ya nyumba kama ilivyo paa, na inabaki nyumbani mpangaji akihama. Hapo siwezi kukutetea, mama, ila naona haki kwako kupewa mwaka mzima wa kujipanga badala ya kushtukizwa gizani.

Na hapo ndipo ninaposimama kwa nguvu: mita yoyote ya zamani inapobadilishwa, fundi wa shirika asiondoke bila kuacha karatasi. Iandikwe nyaya zikoje, ethi ipo au haipo, meni swichi inahimili au imechoka, kipi ni cha nani. Iwekwe na ile swichi ya kutenga anayoisema ndugu yetu wa Reading, maana mita ikishafunguliwa gharama ya kuongeza kifaa hicho ni ndogo. Wakati wa kuanza ni sasa, kwa kuwa mita janja zinaingia na ubao mmoja mmoja utafunguliwa hata hivyo. Kufunga mita mpya juu ya nyaya zilizokakamaa halafu kuondoka ni kuacha hatari ileile.

Nakusudia kulipeleka hili kwa maandishi kwenye Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, lile la EWURA. Wenye mikataba ya pango inayotaja vifaa vya umeme, naomba mnukuu kipengele tu, bila majina. Na ndugu zetu wa Zanzibar mnaotumia Tukuza, mita zenu za malipo ya kabla: mita ikifa huko, ZECO, shirika la umeme la kwenu, linaishia wapi na nyinyi mnaanzia wapi?