Vipimo vya karotenoidi kidoleni vinarukaruka, tatizo nini?

Mpimaji
Wakuu, tunapima karotenoidi za ngozi (rangi za manjano na machungwa zitokazo kwenye mboga na matunda). Kifaa chetu kinamulika ncha ya kidole kwa mwanga mweupe na kusoma unaorudi. Mtu yuleyule, kidole kilekile: 310, nusu saa baadaye 265. Tunasahihisha kwa kipande cheusi na cheupe kabla ya kuanza. Tunakosea wapi?

Kiganja
Chakula kiweke kando. Karotenoidi za ngozi hubadilika kwa wiki, si kwa nusu saa. Angalia mgandamizo. Karotenoidi hufyonza mwanga wa nanomita (nm) 450 hadi 500, na hemoglobini, rangi nyekundu ya damu, nayo hufyonza, hasa karibu na nm 415, 542 na 577. Kidole hubanwa ili damu ikimbie. Ukipima papo hapo, damu bado imo. Mwache akae amebana sekunde 10 hivi bila kutikisika, ndipo upime. Rudia mara tatu, kila mara atoe kidole na kukirudisha, kisha chukua wastani. Mabonde ya 542 na 577 yakiwa bado yanaonekana kwenye grafu, tupa kipimo hicho.

Bi Maabara
Na hina je? Rangi yake hukaa tabaka la juu la ngozi, humohumo zilimo karotenoidi, na hufyonza mwanga wa buluu. Sabuni haiitoi. Tafuta kidole kisicho na hina. Kama vyote vimepakwa, ahirisha mpaka ipauke kabisa. Aliyekula mchuzi wa manjano kwa mkono ni vilevile: kilele cha ufyonzaji cha kurkumini, rangi ya binzari, kiko karibu na nm 425. Huyo anawe, ajikaushe, umfute kwa spiriti.

Mpimaji
Asanteni. Tukihamia Raman (kumulika kwa leza na kusoma mwanga unaorudi ukiwa umebadilika rangi) tutaepuka haya?

Kiganja
Damu, ndiyo, kwa kiasi kikubwa. Kwa leza ya nm 488, kilele kikuu cha karotenoidi ni 1,525 kwa sentimita (kipimo cha mwanga ulivyosogea kutoka kwa leza), yaani karibu nm 527 kwenye spektromita, kifaa kinachotenganisha rangi za mwanga, na kinatoka kwenye vifungo maradufu vya kaboni. Shida ni kwamba ngozi yenyewe inang'aa, na kilele hicho ni kidogo juu ya mng'ao huo. Chora mkunjo wa polinomia ya daraja la 5 (mstari laini unaofuata mng'ao) chini yake, uutoe, ndipo usome urefu wa kilele. Melanini, rangi nyeusi ya ngozi, nayo humeza leza, kwa hiyo pima kiganja, si mkono wa juu. Usirudie doa lilelile papo hapo, leza huunguza karotenoidi zenyewe.

Bi Maabara
Na kwenye ripoti msiandike "jumla ya antioksidanti" (vitu vinavyokinga seli). Vitamini C na E hazisomeki kwa njia yoyote kati ya hizi mbili. Andikeni karotenoidi.