Uenyekiti wa zamu Afrika Mashariki: huu mwaka mmoja ni wa kalenda gani?

Ndugu wanajamvi, assalamu alaikum.

Naandika nikiwa Lamu, na hasira sijaimeza. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha mwaka 1999, unasema wazi kwamba uenyekiti wa Mkutano wa Wakuu wa Nchi ni wa mwaka mmoja na utashikwa kwa zamu. Sasa tuhesabu. Rais Museveni aliupokea Mei 2017 akaukabidhi Februari 2019, kwa kuwa Novemba 2018 Burundi haikuhudhuria na kikao kikaahirishwa. Rais Kagame naye akakaa nao hadi Februari 2021. Nchi sasa ni nane, baada ya Somalia kuingia mwaka 2024, kwa hiyo hata zamu zikienda sawasawa, kila nchi itangoja miaka saba. Zikirefushwa hivi, ni kumi na minne.

Mtaniuliza fundi wa viti yanamhusu nini. Mwaka jana nilipeleka viti viwili vya enzi na kasha moja kwa mteja wa Tanga, mzigo ambao thamani yake haikufika hata nusu ya dola 2,000, kiwango ambacho Jumuiya yenyewe imemwekea mfanyabiashara mdogo apite kwa cheti cha uasili kilichorahisishwa, yaani karatasi ya kuthibitisha kuwa bidhaa imetengenezwa ndani ya Jumuiya ili isitozwe ushuru wa forodha. Mpakani cheti changu kiligeuzwa mbele na nyuma, kikarudishwa, nikatakiwa kulipa ushuru kamili. Viti vilikaa uani siku sita, mvua ikavinyeshea, na kamba za kukalia, ambazo mzee wangu alizisuka kwa mkono, zikalegea zote. Nililalamika kwa maandishi. Jibu lilikuwa mistari mitatu: suala langu lingeangaliwa mwenyekiti mpya atakaposhika zamu.

Zamu yenyewe siipingi, maana sitaki nchi moja itutawale. Lakini huku kwetu anayepokea usukani wa jahazi usiku huambiwa kwanza mwamba uko upande gani. Hawa hukabidhiana nini, zaidi ya kupeana mikono mbele ya kamera? Nataka kila mwenyekiti anayeondoka aweke hadharani orodha ya malalamiko ya wafanyabiashara wadogo yasiyotatuliwa, na iandikwe kwa Kiswahili.

Aliyewahi kujibiwa na anieleze alipitia mlango gani. Mteja wangu wa Tanga amekwisha nunua viti vya plastiki.