Mrejesho: kambi ya watoto nje ya nchi

Wakuu, niliwauliza kama timu yetu ya misheni ianze na kambi ya watoto au na mafunzo ya viongozi wenyeji. Wengi mlisema viongozi kwanza, na ndivyo tulivyofanya. Imelipa.

Walimu wa shule ya Jumapili wa kule walifundishwa kusimulia hadithi za Biblia, kugawa makundi kwa umri, na kanuni ya ulinzi: mtu mzima habaki peke yake na mtoto. Kambi ilipoanza wao ndio walioshika usukani, sisi tukapanga viti na kubeba maji.

Tofauti niliiona kwenye hadithi ya Zakayo, yule mtu mfupi wa kwenye Biblia aliyepanda mti ili amwone Yesu. Mwenzetu alisimulia kupitia mkalimani, kila sentensi ikawa inasubiri, watoto wakaanza kuchezea viatu. Kesho yake mwalimu mwenyeji aliirudia: akapanda juu ya benchi, akauliza, “Mnamwona Yesu?” Wote wakasimama kuchungulia!

Kilichokwama ni vitabu tulivyobeba. Ni vya rangi, na kuvichapa kule ni gharama. Wameanza kuchora picha zao wenyewe, na kusema kweli zinavutia zaidi.

Kambi ijayo ni yao. Sisi tutatuma watu wachache tu, kwa mafunzo.