Laptopu imepanda Windows 11, printa ya duka haionekani: nirudi nyuma au ninunue mpya?

duka_la_karatasi
Assalaam alaykum wadau. Nina duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Mwembe Tayari, Mombasa. Kompyuta ni mbili. Ya mezani ni kuukuu, ina Windows 7, na printa zote zimefungwa hapo: leza ya nyeusi na nyeupe, na ile ya utepe yenye makelele ambayo mawakala wa forodha wanaitaka kwa sababu ya nakala za kaboni. Ya pili ni laptopu ya kaunta. Mteja ananitumia kazi kwa WhatsApp, naifungua kwenye laptopu, naipeleka kwenye leza kwa mtandao wa duka. Miaka minne tumekwenda hivyo.

Ijumaa usiku laptopu iliniuliza kama nataka kutoka Windows 10 kwenda 11. Nikakubali, nikaenda kulala. Asubuhi leza haipo. Nikibonyeza jina la kompyuta ya mezani naambiwa sera za usalama za shirika langu zinazuia wageni wasiojitambulisha. Nilishtuka, maana duka ni langu mwenyewe, sina shirika.

Binamu yangu akaja, akachomoa waya wa leza akauchomeka kwenye laptopu, akaweka CD iliyokuja na printa. Ikakataa. Akajaribu kuhamisha programu yetu ya stoku na risiti, ya enzi za DOS, mfumo wa kabla ya Windows. Nayo ikakataa.

Leo ni siku ya sita. Shule zinafunguliwa Jumatatu na wazazi wameshaanza kuja na fomu. Kuna muuzaji ameniambia printa imekufa, ninunue nyingine. Tona mbili nimenunua mwezi uliopita, zingali kwenye maboksi. Nifanyeje?

baba_nasra
Pole dadangu. Usinunue kitu kwanza. Printa inayochapa kutoka kompyuta ya mezani haijafa. Umeijaribu?

duka_la_karatasi
Nimeirudishia waya wake pale mezani, inachapa vizuri kabisa. Sasa hivi nahamisha kazi za wateja kwa fleshi, moja moja. Foleni inafika nje.

mkaazi_likoni
Rudi Windows 10 kisha zima apdeti zote maisha. Mimi nimezima tangu 2020, sina shida na mtu.

fundi_kisauni
Dada, hapo una matatizo matatu tofauti yaliyotokea siku moja, ndiyo maana yanaonekana kama ni jambo moja. Nitayatenganisha.

La kwanza, leza kupitia mtandao. Bila shaka kompyuta ya mezani haina nywila na laptopu ilikuwa ikiingia kama mgeni. Windows 11 toleo la 24H2, lililotoka Oktoba 2024, limefunga mlango huo: linataka mawasiliano yatiwe sahihi, na mgeni asiye na nywila hana cha kutilia sahihi. Ujumbe uliouona ndio huo. "Shirika" ni maneno tu ya mfumo, usiyaogope. Dawa: kwenye ile ya mezani fungua akaunti mpya yenye nywila, iruhusu kutumia printa, kisha kwenye laptopu ingia kwa jina hilo na nywila hiyo.

La pili, ile CD. Draiva zake, yaani programu za kuiongoza printa, ni za biti 32, laptopu yako ni ya biti 64. Hazipatani hata kidogo, na hazikupatana hata ulipokuwa na Windows 10, ila hukuwahi kuchomeka waya pale ukajua. Ingia tovuti ya aliyeitengeneza printa, tafuta draiva ya Windows 7 au 8 iliyoandikwa biti 64. Mara nyingi hiyo inakubali kwenye 11. Leza nyingi ndogo za bei nafuu hazina lugha yao wenyewe, kompyuta ndiyo inayoandaa ukurasa mzima, kwa hiyo bila draiva yake halisi haichapi hata nukta.

La tatu, programu ya DOS. Hiyo ni ya biti 16. Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu za biti 16, na Windows 11 haina toleo la biti 32. Usipoteze muda kuilazimisha. Iache ilipo.

mwalimu_tudor
Naongezea kuhusu kurudi nyuma: una siku 10 tangu upandishe, basi. Zikipita, mfumo unafuta folda ya Windows.old na njia inajifunga. Mtu asikudanganye "usafishe diski" kabla hujaamua. Lakini ujue pia Windows 10 ilimaliza muda wake wa kawaida 14 Oktoba 2025. Kuna mpango wa viraka vya usalama vya ziada wa kujiandikisha, nao kwa watu wa kawaida unaishia Oktoba 2026. Ukirudi, unanunua miezi tu.

mkaazi_likoni
Au washa SMB1 kwenye laptopu, ile njia ya zamani ya kompyuta kushirikiana faili na printa. Kwangu ilifungua kila kitu.

fundi_kisauni
Hapana kaka, hilo nakukatalia kabisa. SMB1 ndiyo njia iliyopitiwa na kirusi cha WannaCry Mei 2017, ikafunga kompyuta za hospitali Uingereza na kwingineko duniani. Isitoshe Windows 7 inaelewa SMB2, haihitaji hiyo ya zamani. Na hilo la kuzima apdeti maisha: Julai 2021 ilionekana hitilafu kwenye huduma ya uchapishaji ya Windows yenyewe, wakaiita PrintNightmare, ambayo mtu wa mbali angeweza kuitumia kuishika kompyuta yako. Kiraka chake kilisumbua printa nyingi za kushirikiana, kweli, na mimi nilizunguka mji mzima kuzirekebisha. Lakini fikiria laptopu ya dada huyu ina nini: nakala za vitambulisho, PIN za kodi za KRA, vyeti vya watoto wa watu. Watu wamemkabidhi hivyo kwa imani.

baba_nasra
Hapo umesema. Na ile ya mezani yenye Windows 7 ndiyo inanitia hofu zaidi, haijapata viraka vya kawaida tangu Januari 2020.

mzee_kaboni
Mwanangu, nimefanya kazi za klia, kutoa mizigo forodhani, miaka mingi, printa ya utepe usiitupe. Leza haigongi karatasi, haiwezi kutoa nakala tatu kwa mpigo.

duka_la_karatasi
Nimerudi wadau. Akaunti yenye nywila ilifanya kazi mara ya kwanza, leza ikaonekana saa tano asubuhi. Kisha maneno ya baba_nasra yakanikaa. Jioni nikatafuta draiva ya biti 64, nikaipata ya Windows 7, nikahamishia leza kwenye laptopu moja kwa moja. Ukurasa wa majaribio umetoka safi. Ya mezani nimeichomoa kwenye mtandao kabisa, imebaki na programu ya stoku na printa ya utepe. Sirudi Windows 10.

Fundi, swali moja: diski ya ile ya mezani ni ile ile tangu tuinunue. Ikikatika, stoku yote imepotea?

fundi_kisauni
Imepotea, ndiyo. Kesho kabla hujafungua duka, nakili folda nzima ya programu kwenye fleshi mbili, moja ikae nyumbani. Fleshi hizo zisiwe zile za wateja. Baada ya pirika za shule nitafute, tutaiweka hiyo programu ndani ya DOSBox-X, programu inayoiga kompyuta ya DOS, kwenye laptopu tuone kama inafunguka na data zako, ili siku ile ya mezani ikikata roho uwe na pa kuendelea.

duka_la_karatasi
Nafanya usiku huu huu. Mola awalipe.