Naomba ushauri: prosesa ya Ryzen 5 5600 au 5600G kwenye ubao mama wa B450?

Wakuu, habari za wakati huu. Naunganisha kompyuta ya mezani mwenyewe, hasa kwa kuhariri video za 1080p, na gemu nyepesi nikichoka. Nina ubao mama wa B450 (umetumika), RAM ya DDR4 GB 16 na pawa saplai ya wati 450. Imebaki prosesa, na hapo ndipo nimekwama.

5600 ina kashe ya L3 (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 32, lakini haitoi picha bila kadi ya grafiki, na hela ya kadi kwa sasa sina. 5600G inatoa picha yenyewe, ila kashe ni MB 16. Inaishia PCIe 3.0 pia (njia ya kupitisha data kati ya prosesa na kadi), lakini B450 yenyewe haivuki hapo, kwa hiyo hilo halinisumbui.

Nimepitia orodha ya mtengenezaji wa ubao: zote mbili zinakubali, mradi BIOS (programu ya ubao inayowasha kompyuta) iwe mpya. Kibandiko kwenye chipu ya BIOS kinaonyesha toleo la zamani, na nyuma sioni kitufe cha kusasisha kwa flashi bila prosesa.

Nikichukua 5600G sasa, kadi nikaongeza baadaye, tofauti na 5600 nitaiona kweli kwenye kuhariri? Na hiyo BIOS, kuna njia nyingine ya kuisasisha zaidi ya kuazima prosesa ya Ryzen ya zamani ili ubao uwake?