Ruzuku ya njia ya baiskeli ya jamii: mchango wetu tuuhesabu vipi, na kipi kitangulie?

Spoku36
Habari wakuu. Kikundi chetu kinataka kutengeneza njia ya udongo ya kilomita 4 ndani ya msitu wa umma, upana mita 1, itumiwe na baiskeli na waenda kwa miguu. Yupo mfadhili anayetoa asilimia 80, sisi tuchangie 20. Fedha hatuna, watu tunao. Je, saa za kujitolea zinakubalika kama mchango? Tuanze na andiko la mradi au na uchoraji wa njia? Na madiwani tuwafuate lini? Tayari kuna wanaosema baiskeli zitaharibu msitu.

Mweka_Hazina
Mkuu, kwa kawaida zinakubalika, ila soma masharti ya huyo mfadhili wako, maana wengine hutaka sehemu ya mchango iwe fedha taslimu.

Angalia sana hesabu yenyewe. Hiyo asilimia 20 ni ya gharama ya mradi mzima, si ya ruzuku. Ukiomba 80,000, mradi wako ni wa 100,000 na wewe unadaiwa 20,000, yaani robo ya ruzuku. Anayepiga asilimia 20 ya 80,000 anapata 16,000, na bajeti yake ina pengo la 4,000 kabla hata haijasomwa.

Thamani ya saa moja hufuata kazi iliyofanyika, si cheo cha aliyeifanya. Mhandisi akishika jembe anahesabiwa ujira wa kibarua. Akichora daraja, ujira wa mhandisi. Daftari liwe na jina, tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, kazi, sahihi ya mtu na ya msimamizi. Ukiandika “watu 30 walifanya kazi Jumamosi”, mkaguzi anaifuta yote. Na mara nyingi kazi iliyofanyika kabla ya mkataba kusainiwa haihesabiki, kwa hiyo msikimbilie kuchimba.

Halafu ulizeni kama fedha zinatolewa mapema au mnarejeshewa baada ya kutumia. Nyingi ni za kurejeshewa: mnalipa, mnapeleka risiti, mnasubiri. Vikundi vidogo hukwama hapo huku mradi ukiwa mzuri tu. Gaweni kazi vipande ili mdai kila kipande kinapokamilika, na kabla ya kusaini mjue nani atabeba gharama wakati mnasubiri. Kama hamjasajiliwa, tafuteni taasisi iliyosajiliwa iwapokelee fedha kwa makubaliano ya maandishi. Ada yake iwekeni kwenye bajeti.

Reki_na_Sururu
Tangulizeni ruhusa ya maandishi ya mwenye ardhi, kisha njia, andiko liwe la mwisho. Bajeti iliyoandikwa bila mtu kutembea msituni ni kubahatisha. Daraja moja ambalo hamkulitarajia linameza fedha ya kilomita nzima.

Mkitembea muwe na klinomita, kile kifaa cha kupima mwinuko, na utepe wa kufunga kwenye miti kuonyesha njia itakapopita. Miongozo ya IMBA, shirika la kimataifa la baiskeli za milimani, inasema mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wa kilima inapopita. Ubavu ukiwa asilimia 16, njia iishie 8. Ukivuka nusu, maji yanaacha kuivuka njia na kuanza kuifuata, na hapo mmejichimbia mfereji. Wastani wa njia nzima usipite asilimia 10. Ukingo wa nje uwe chini kuliko wa ndani kwa takriban asilimia 5, yaani sentimita 5 kwa upana wenu wa mita 1. Kila mita 6 hadi 15 njia ishuke kidogo ndipo ipande, ili maji yatoke pale chini.

Upana wote uchimbwe ndani ya udongo mgumu wa kilima. Msijaze ukingo wa nje kwa udongo uliochimbwa, utamomonyoka. Utawanyeni mbali kule chini. Hata hivyo, matairi yatausukuma udongo nje polepole mpaka kitokee kituta kinachozuia maji, hasa kwenye kona. Kikwangueni kwa reki kabla ya kila msimu wa mvua. Kazi hiyo nayo iwe kwenye andiko, na jina la kikundi kitakachoifanya.

Epukeni tambarare. Kuchimba ni rahisi, nakubali, lakini maji hayana pa kwenda. Linatokea dimbwi, watu wanalikwepa pembeni, njia ya mita 1 inakuwa ya mita 3. Wapinzani wenu watakwenda kupiga picha palepale.

Kikao_cha_Bajeti
Kuhusu madiwani: nendeni kabla rasimu ya bajeti haijafungwa. Baada ya hapo mtapigiwa makofi tu. Pelekeni ombi moja, ramani ya ukurasa mmoja, na jibu la “nani atatunza?”, kwa kuwa hilo ndilo wataalamu wa manispaa huuliza kwanza. Wasemaji wasiwe waendesha baiskeli watupu. Mzazi na mwenda kwa miguu wana uzito zaidi. Wanaopinga waiteni siku ya kufunga utepe, wakati njia bado inaweza kuhamishwa.

Tafuteni pia takwimu za watumiaji. Kama kuna kijia kinachotumika sasa, fungeni hapo kaunta ya miale, yaani kifaa kinachohesabu wanaopita mbele yake.

Spoku36
Asante sana wakuu. Kijia kipo. Hiyo kaunta inafungwaje?

Kikao_cha_Bajeti
Usawa wa kiuno, mahali pembamba ambapo watu hupita mmojammoja, si kwenye kona wanapopumzika. Isielekee jua wala majani yanayotikiswa na upepo, itahesabu upepo. Waliopita sambamba inawahesabu kama mmoja, kwa hiyo kaeni kwa muda wa saa 2 mhesabu kwa macho: mkipata 60 na kaunta inasema 50, zidisheni takwimu zake kwa 1.2. Rudieni siku ya kazi na mwishoni mwa wiki, na namna mlivyorekebisha takwimu iandikwe kwenye ripoti.